Kaunta buku lilifanya kazi kuliko suti yangu

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimechaguliwa kuwawakilisha wanafunzi wa uzamili kwenye bunge letu la wanafunzi. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu, na pole. Kiti hicho nimekikalia, hapahapa Dodoma, na najua kinavyochoma.

Mimi niliingia kwa mbwembwe. Kikao cha kwanza na mshauri wa wanafunzi nilivaa suti ya kuazima, mkononi kurasa 11 za madai: maktaba, chumba cha kunyonyeshea, wasimamizi wanaolalia chapta ya mtu miezi mitatu. Nikasoma zote. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: "Mko wangapi?"

"Wengi."

"Wengi wangapi?"

Sikujua. Rais wetu, kijana wa mwaka wa tatu, akainamia simu yake. Nilitoka mle na jasho, na ilikuwa Julai, ile baridi ya Dodoma ya kukata masikio.

Bungeni kwenyewe sisi wa uzamili tulikuwa kama wageni waalikwa. Hoja ni boom tu, ile hela ya kujikimu ya mkopo: limechelewa, halitoshi. Siwalaumu, mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa sehemu kubwa ni ya wale wa shahada ya kwanza. Lakini mwenzangu anayetoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa tisa na nusu, akagombea daladala, akampeleka mtoto kwa bibi yake, akaingia maktaba saa kumi na mbili, huyo boom halimhusu. Anataka taa. Na maktaba yetu ilifungwa saa mbili usiku.

Nikanunua kaunta buku. Nikaelewana na mlinzi, mzee wa Kigogo ambaye usipoitikia "mbukwenyi" yake vizuri hana habari na wewe. Saa mbili ikigonga, kila anayetolewa anaandika: kozi yake, na anakwenda wapi. Jina hapana. Wiki mbili mfululizo. Kuna ukurasa siusahau: watu 34, kati yao 21 wa uzamili, na tisa wameandika "kimbwetani". Mtu mzima na tasnifu yake, amekaa juu ya zege chini ya taa ya njiani, upepo unampeperushia karatasi!

Nikarudi kwa yule mama na buku lile, na ombi moja. Maktaba ifungwe saa nne usiku. Tukapewa kwa majaribio, mpaka leo ipo.

Kwa hiyo hesabu, mdogo wangu. Kabla ya hotuba, hesabu. Omba kitu kimoja, na ukaombe umeshahesabu.

Na usitegemee shukrani. Siku ya kutangaza, rais alisimama akasema "serikali yangu imefanikisha". Yangu! Mimi nipo safu ya nyuma, buku liko kwenye begi. Vijana tunapenda vyeo, kazi hatuitaki. Mtu anatafuta picha na mkuu wa chuo kabla hajajua mlango wa maktaba unafungwa saa ngapi. Tubadilike.

Lile la wasimamizi lilinishinda. Buku halikusaidia, kila mtu aliogopa kuandika hata bila jina, maana kwenye idara yenye wanafunzi sita msimamizi anaujua mwandiko wa kila mmoja. Ukipata njia, niandikie tena.