Kabla Hujamlaumu Fundi, Ikague Kazi Yenyewe

"Ajali haina kinga." Ukifanya kazi ya usalama kwenye majengo au kiwandani, maneno haya utayasikia kabla majeruhi hajafika hospitali. Anayasema fomani, anayasema mkandarasi, wakati mwingine anayasema aliyeumia mwenyewe akiwa bado chini. Siku hizi sibishani nayo papo hapo, maana penye maumivu hapafai mjadala. Lakini vijana ninaowaingiza kwenye kazi hii huwaambia mapema: someni historia. Mtakuta ajali nyingi zinazotajwa mpaka leo zilikuwa na kinga, kinga yenyewe ilijulikana, ila kuna mahali kazi ilipangwa bila hiyo.

Historia hiyo ni ya zamani sana. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizoandikwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilisema nyumba ikianguka ikamuua mwenyewe, mjenzi naye auawe. Akifa mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Torati nayo inamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta ukingoni mwa dari, mtu asije akaanguka kutoka juu. Ya kwanza inasubiri maiti ndipo itafute wa kuadhibu. Ya pili inataka kizuizi kabla hajapanda mtu. Kwenye saiti nyingi nilizopita, vikao vya baada ya ajali bado vinaendeshwa kwa sheria ya Hammurabi, na wa kuadhibiwa karibu kila mara ni mtu wa chini kabisa.

Tabia hii ya kumtazama aliyeumia kama mshtakiwa ilikuja kupata nguvu mahakamani. Mwaka 1837, Uingereza, kijana aitwaye Charles Priestley, mfanyakazi wa mwuza nyama, alivunjika paja baada ya gari la kukokotwa lililozidishiwa mzigo kukatika. Akamshtaki mwajiri wake, na mwishowe akashindwa. Majaji walisema mtumishi ana hiari ya kukataa kazi anayoona ina hatari. Kutokana na hukumu hiyo, mahakama zikajenga msimamo kwamba mwajiri hawajibiki ukiumizwa na uzembe wa mfanyakazi mwenzako. Sasa hesabu mwenyewe: kiwandani, ukimwondoa mwenye mali, nani si mfanyakazi mwenzako? Hata fomani alihesabiwa hivyo. Basi mtu akipoteza mkono hakuna wa kumdai.

Msimamo huo haukuvunjwa kwa huruma. Ulivunjwa na hesabu za fedha. Ujerumani, chini ya chansela wake Bismarck, ilipitisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, waajiri ndio wachangiaji, na majeruhi alilipwa bila kuulizwa kosa ni la nani. Uingereza ikafuata na sheria yake ya fidia mwaka 1897. Fidia ilipoanza kutoka mfukoni mwa tajiri, kuweka kizuizi kwenye mashine kukawa na faida inayoonekana kwenye daftari. Nayasema haya kwa sababu maofisa wengi wa usalama huenda kwa mwajiri na hoja ya utu peke yake. Hoja ya utu ibaki, lakini nenda pia na gharama: siku ngapi kazi ilisimama, mashine imelala kwa muda gani, fundi mpya atachukua muda gani kuzoea.

Kisha mwaka 1931 Mmarekani Herbert Heinrich, mtu wa kampuni ya bima, akaandika kwamba ajali 88 kati ya 100 zinatokana na vitendo vya wafanyakazi wenyewe. Namba hiyo imezunguka dunia nzima, na mpaka leo utaikuta kwenye semina. Uliza ilitoka wapi. Heinrich alipitia mafaili ya madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, yaani karatasi zilizojazwa na upande wa mwajiri. Msimamizi akiandika taarifa ya ajali, hutarajii aandike "nilimpa kifaa kibovu".

Ushauri wangu wa kwanza uko hapa. Taarifa ya ajali ikiletwa mezani kwako na pale penye "chanzo" pameandikwa "uzembe wa mfanyakazi", irudishe. Niliwahi kuletewa ya fundi aliyekatwa na grainda: "Aliondoa kinga ya mashine kwa makusudi." Ni kweli aliiondoa. Swali ni kwa nini. Nilipoteremka stoo nikakuta mawe ya kukatia, yaani zile sahani zinazofungwa kwenye grainda, yaliyobaki ni makubwa kuliko ile grainda, na jiwe kubwa haliingii mpaka kinga itoke. Tena grainda ndogo huzunguka kwa kasi ambayo jiwe kubwa halikutengenezewa, kwa hiyo linaweza kupasuka vipande na kuruka usoni. Kumfukuza fundi yule kungeacha mawe yaleyale stoo, yakimsubiri anayefuata. Tuliyaondoa, na utaratibu wa kuagiza ukabadilika ili anayeitumia mashine aulizwe kabla ya manunuzi. Maswali yenyewe si ya kitaalamu: nani alimpa kazi, ilikuwa saa ngapi ya zamu, kitu gani hakikuwepo, na kwa nini njia ya hatari ilikuwa rahisi kuliko njia salama.

Kwa upande wa ujenzi, kisa ninachokirudia kuliko vyote ni cha Willow Island, West Virginia, Marekani, tarehe 27 Aprili 1978. Palikuwa panajengwa mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa la mafundi halikusimama ardhini. Lilishikizwa kwenye ukuta wa mnara wenyewe, likipanda kadiri ukuta ulivyopanda, pete moja ya zege juu ya nyingine. Zege la pete iliyobeba jukwaa lilikuwa limemiminwa jana yake tu. Pete ile ikamomonyoka, jukwaa likang'oka likizunguka mnara mzima, na watu 51 waliokuwa juu yake wakafa. Wachunguzi walikuta zege lilikuwa halijapata nguvu ya kubeba uzito ule. Hapo utamlaumu fundi gani? Wote walikuwa mahali walipopangiwa, wakifanya walichoambiwa.

Tangu nilipokisoma kisa hicho, sikubali nguzo za kushikilia zege zitolewe kwa kuhesabu siku kwenye kalenda. Zege hukaza kwa joto na unyevu, halijui leo ni Jumanne. Baridi huchelewesha, na mchanganyiko ukiongezwa maji kienyeji nguvu hupungua. Taka kuona matokeo ya vipande vya zege vya majaribio, na zaidi ya hapo uliza vilihifadhiwa wapi. Kipande kilicholala kwenye tangi la maji maabara, penye joto zuri, hakikuambii hali ya zege lililoko juu likipigwa upepo. Vingine vihifadhiwe palepale saiti, kando ya kazi yenyewe. Fomani atakuambia ratiba inabana. Kila ratiba inabana.

Daraja la Golden Gate, San Francisco, lililojengwa kati ya 1933 na 1937, linanipa mfano wa upande wa pili. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alidai kofia ngumu, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa wavu uliotandazwa chini ya daraja. Watu 19 walianguka wakaokolewa na wavu huo. Ninachoupendea ni kwamba haukumtaka mtu awe mkamilifu. Mtu akiteleza, akizubaa, akipigwa na upepo, wavu upo. Hata hivyo tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zima lilikatika likaupasua, na watu 10 wakafa. Haukuwekwa kwa ajili ya uzito wa namna hiyo. Kwa hiyo kinga yoyote unayoisimamia, jua inabeba nini na inashindwa wapi, na mwambie anayeitegemea.

Vumbi lina historia mbaya zaidi, kwa sababu haliui mbele ya watu. Georgius Agricola, katika kitabu chake cha migodi cha mwaka 1556, alieleza jinsi vumbi lilivyokula mapafu ya wachimbaji. Anataja wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na waume saba, wote wakamalizwa na ugonjwa huo. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa ya mafundi wa kila aina, na akawashauri madaktari wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Pamoja na hayo, mwaka 1930 na 1931, kwenye handaki la Hawks Nest huko West Virginia, watu walitoboa pakavu mwamba wenye silika nyingi, madini yaliyomo pia kwenye zege na vigae, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, wakati njia ya kutoboa kwa maji ilishajulikana. Waliokufa kwa mapafu ni mamia, wengi wao wafanyakazi weusi waliofuata kibarua kutoka mbali.

Ukiona wingu jeupe mahali watu wanakata vigae, matofali au zege, usianze kwa kugawa barakoa. Anza kwa kuuliza kama kukata kunaepukika: vigae vinaweza kuagizwa vya saizi inayotakiwa? Kama hakuepukiki, lete maji kwenye jiwe la kukatia, au mashine yenye kivuta vumbi. Kisha tenga eneo ili asiyekata asivute. Barakoa inakuja baada ya hayo yote, tena iwe ya kuchuja vumbi jembamba na ikae usoni bila mwanya. Kitambaa kilichofungwa puani ni cha kumridhisha mkaguzi. Na usifagie vumbi hilo likiwa kavu. Hili nalisema kila mahali na kila mahali nakuta ufagio.

Mitaro naipita kwa ufupi, ingawa inanitia hofu kuliko ghorofa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtu aliyefunikwa mpaka kifuani anaweza kushindwa kupumua. Mtaro unaozidi kimo cha mtu usio na mbao za kuegemea kingo wala mteremko, asiingie mtu hata kwa dakika moja. Mitaro haina kisa mashuhuri kwa sababu inaua mmoja mmoja.

Linabaki suala la nani anaweza kusema "simama". Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, Bangladesh. Benki iliyokuwa humo iliwaruhusu wafanyakazi wake wabaki nyumbani. Washonaji wa viwanda vya juu waliamriwa kurudi kesho yake, na jengo likaanguka. Zaidi ya watu 1,100 wakafa. Wale washonaji walikuwa na hiari ileile ambayo majaji wa 1837 walisema Priestley alikuwa nayo. Anayetegemea mshahara wa mwezi huo kula hana hiari hiyo. Ndiyo maana mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamkinga mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe, na mkataba namba 167 wa 1988 ukaiweka haki ya kujiondoa kwenye ujenzi hasa.

Kubandika haki hiyo ukutani hakutoshi. Kama vibarua wako wanalipwa kwa kipande au kwa saa, iandikwe kwenye makubaliano na mkandarasi mdogo kwamba saa za kazi iliyosimamishwa kwa ajili ya usalama zinalipwa. Mtaje kwa jina, kila zamu, mtu wa kupelekewa taarifa, na asiwe yuleyule anayepimwa kwa kasi ya kazi. Kisha angalia daftari: ikiwa miezi inapita hakuna aliyewahi kusimamisha chochote, kaongee na saidia fundi mmoja mmoja, fomani akiwa mbali. Na aliyesimamisha kwa hofu ambayo baadaye ilionekana haina msingi alipwe saa zake vilevile, tena wenzake wajue amelipwa.