Jibu: Kimmea kama unyoya chini ya mawe na kwenye mitaro, Mwanza. Ni mosi (kwa Kiingereza moss) ya kundi la Fissidens, na hivi ndivyo unavyothibitisha

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kile kimmea cha kijani kilicho bapa kama unyoya mdogo, kinachoota kwenye udongo mbichi chini ya jabali huko Igogo na ukingoni mwa mtaro, ni kitu gani. Waliotangulia kujibu wamesema mara mwani, mara kangaga changa, mara kuvumwani. Kwa alama ulizotaja, yaani majani yamejipanga kushoto na kulia tu, urefu haufiki sentimita moja na kila jani lina mshipa katikati, hiyo ni Fissidens, mosi (mmea mdogo wa kijani usio na maua) ya familia ya Fissidentaceae. Lakini usiishie kwenye maneno yangu. Kundi hili lina alama moja ambayo mosi nyingine hazina, na unaweza kuiona mwenyewe ukiwa na lenzi na sindano mbili za kushonea.

Kuhusu jina kwanza. Wengi husema kuvumwani kwa kila kinachoota juu ya jiwe. Mimi naona jina hilo linawafaa zaidi laikeni, yale mabaka ya kijivu na ya njano yaliyoganda kwenye miamba inayopigwa na jua, kwa sababu laikeni ndio kweli ushirika wa kuvu na mwani. Mosi si kuvu wala si mwani. Ni mmea, una shina na majani, ila hauna mizizi ya kweli: hujishikilia kwa nyuzi nyembamba ziitwazo raizoidi, na maji huyanyonya kwa mwili mzima. Na ile michirizi myeusi inayoshuka kwenye majabali ya Mwanza baada ya mvua si mosi pia. Mingi ni bakteria wa kijani-bluu.

Sasa jani lenyewe. Chomoa shina moja, ulishike juu ya kiganja, usogeze lenzi ya mara 10 karibu kabisa na jicho, kisha ulete mmea kwenye lenzi mpaka uonekane vizuri. Mosi nyingi zina majani yanayozunguka shina pande zote, kama brashi ya kusafishia chupa. Fissidens ina safu mbili tu, ndiyo maana inaonekana imelala bapa. Chanzo kiko kwenye ncha ya shina. Mosi nyingi hukua kutokana na seli moja ya nchani inayokata seli mpya kwa pande tatu. Ya Fissidens hukata kwa pande mbili, hivyo majani hayana pa kwenda isipokuwa kushoto na kulia.

Safu mbili peke yake hazitoshi. Angalia kitako cha jani. Nusu ya chini ya jani, wakati mwingine hadi theluthi mbili, imegawanyika kuwa kuta mbili zinazokumbatia shina pamoja na kitako cha jani linalofuata juu. Jani limepanda shina kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu mmoja huku, mwingine huku. Kati ya kuta hizo kuna mfuko. Ingiza ncha ya sindano humo taratibu na utaona kuta zikiachana. Juu ya mfuko jani huendelea likiwa bapa, na mgongoni, kuanzia kwenye mshipa, kuna bapa lingine linaloshuka kuelekea kitako. Huo mfuko ndio hukumu. Ukiuona, uko ndani ya Fissidens.

Hatua zinazofanya kazi ni hizi. Kwa ncha ya kisu banja kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, pamoja na udongo wake kidogo. Kifunge kwenye karatasi, usitumie mfuko wa nailoni: kwa unyevu wa huku ziwani, siku mbili tu zinatosha kuvu kukivamia na seli za jani kuharibika. Juu ya karatasi andika tarehe, mahali, kama ni jua au kivuli, na kimeota juu ya nini. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nalo lina uzito mkubwa. Granaiti ya Mwanza haina chokaa, wakati plasta na zege vina chokaa tele, na mosi za huku mara nyingi si za kule. Ukiwa na shaka, dondoshea siki kwenye kichembe cha unga wa jiwe hilo: penye chokaa patatoa mapovu, granaiti itakaa kimya.

Kikishakauka kivulini kinaweza kukaa miaka. Siku ya kukichunguza, kitie kwenye maji ya moto kidogo. Majani yaliyojikunja hufunguka ndani ya dakika chache. Suuza udongo kwenye chujio la chai. Wengi hukwama hapa, kwa sababu tope linaziba mfuko na mtu anaandika "haina" wakati mfuko upo. Kwa hadubini, shika shina kwa kibano na uvute jani kuelekea chini ili litoke na kitako chake. Ukilivuta kuelekea juu linakatika, nawe unabaki na nusu isiyo na mfuko. Chukua majani ya katikati ya shina, kwani ya chini kabisa huwa madogo na hayajakamilika. Ukitaka ushahidi usio na mjadala, laza shina bichi juu ya kioo na ulikatekate kwa wembe mpya mara 20 hadi 30, vipande vyembamba kadiri uwezavyo. Jani lililokatwa sehemu ya mfuko lina umbo la herufi Y: mikono miwili ni kuta za mfuko, mguu ni lile bapa la mgongoni.

Vinavyofanana nayo si vingi. Livawoti zenye majani, mimea midogo jirani ya mosi ambayo ni ya kundi la Marchantiophyta na si mosi, nazo zina safu mbili bapa na hudanganya sana, lakini majani yake hayana mshipa wa kati kamwe, na kijiti chake cha spora (chembe za uzazi) ni laini, kinang'aa kama maji na hunyauka upesi. Selaginela, mmea mdogo unaofanana na mosi, ina majani ya saizi mbili katika safu nne. Kangaga changa ni kijibamba chenye umbo la moyo, hakina shina. Kwenye kuta za saruji mjini utakuta mosi nyingine mbili: Hyophila, ambayo majani yake hujikunja kwa ndani yakikauka, na Bryum argenteum, ile yenye rangi ya fedha inayopenda nyufa za barabara. Zote mbili zina majani ya kuzunguka shina, hivyo zinaondoka mapema.

Jina Fissidens limetokana na Kilatini, maana yake jino lililopasuka. Kifuko cha spora kikidondosha kifuniko chake, mdomoni hubaki meno 16 mekundu-mekundu, na kila moja kwa kawaida limepasuka juu kuwa mawili. Pulizia pumzi huku ukitazama kwa lenzi, utayaona yakisogea kwa unyevu. Jenasi hii (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) imo katika kazi ya mtaalamu wa mosi Johann Hedwig iliyochapishwa 1801, ambayo ndiyo mwanzo wa majina rasmi ya mosi karibu zote. Ina spishi zaidi ya 400 na iko peke yake katika familia yake. Vitabu vya zamani vinaipa oda yake (ngazi iliyo juu ya familia), Fissidentales. Vingi vya baadaye vinaiweka Dicranales pamoja na mosi nyingine zenye mstari mmoja wa meno. Ukikuta majina hayo mawili usichanganyikiwe, familia ni ile ile.

Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine, na picha ya simu haitoshi. Jambo la kwanza kuangalia ni pindo la jani: kuna spishi zenye ukanda wa seli ndefu angavu kuzunguka jani lote, nyingine zina ukanda huo kwenye mfuko tu, nyingine hazina kabisa. Kisha tazama kama mshipa unafika nchani au unaishia njiani, seli ni laini au zina vinundu, na kijiti cha spora kimetokea kileleni au kwapani mwa jani. Bila vifuko vya spora spishi nyingi ndogo hazitenganishiki, kwa hiyo zitafute masika yanapoelekea kuisha, upande wa jabali usioona jua la mchana.

Ukirudi kwenye uzi weka picha tatu, mkuu: shina zima likiwa limelowa, jani moja lililotolewa na kitako chake, na pindo la jani kwenye sehemu ya mfuko kwa ukuzaji wa mara 400. Andika pia kama lilikuwa kwenye udongo au kwenye saruji ya mtaro, maana umetaja vyote viwili na huenda una spishi mbili.