Ada bure sawa, ila chumba na ugali analipa nani?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa Mpunguzi hapa Dodoma, nimemaliza form six PCM nikapata divisheni wani ya pointi 7. Kuna ofisi moja pale mjini wanasema Ujerumani chuo ni bure hata kwa sisi wageni, wao wanataka milioni 3 tu ya kuprosesi halafu nikifika kule nitafanya kazi nijilishe mwenyewe. Baba ana eka mbili za zabibu na anataka kuuza moja. Tumeshatoa 150,000 ya ushauri, risiti nimekutumia picha, na wiki ijayo wanataka nipeleke vyeti vyangu orijino. Je ni kweli chuo ni bure? Na baba auze shamba?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa hiyo pointi 7, PCM sio mchezo. Naanza na baba maana yeye ndo ana haraka: mwambie asiuze. Bado. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na wewe unajua kuliko mimi mzabibu unavyochukua miaka kabla haujaanza kukulipa, sasa eka ikishakwenda hairudi kirahisi.

Hilo la Ujerumani ni kweli, hawajakudanganya hapo. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada hata kwa mgeni. Ila sio vyote: jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kila semista, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wageni wapya tangu 2024. Kwingine kwingi unalipa mchango wa semista tu, mara nyingi ni kati ya euro 100 na 350, na sehemu nyingi humo humo kuna tiketi ya basi na treni.

Sasa kile ambacho ofisi haikukwambia, na ndicho kinachowarudisha watoto wengi nyumbani. Ubalozi kabla ya kukupa viza unataka uoneshe utaishije. Njia ya kawaida ni akaunti maalumu inaitwa Sperrkonto, unaweka euro 11,904 za mwaka mzima, zinafungiwa, halafu ukifika unatolewa 992 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Pesa inabaki ni yako, hailiwi na mtu, lakini inatakiwa iwepo KABLA hujapanda ndege, kwa hiyo lile neno la "utafanya kazi ujilishe" halikusaidii kitu dirishani pale ubalozini. Kazi mwanafunzi anaruhusiwa kweli, siku 140 nzima kwa mwaka, ila hizo zinakuja baadaye. Kwa hiyo hata baba akiuza hiyo eka mkampa ajenti milioni 3, bado hamjafika popote.

Halafu kuna lugha. Digrii ya kwanza kule kozi nyingi ni za Kijerumani, sio Kijerumani cha salamu, ni cha kukaa darasani unasikiliza hesabu na fizikia. Kozi za Kiingereza zimejaa zaidi kwenye masters. Ndo maana mimi kwa mtoto wa form six asiye na mfadhili Ujerumani naisogeza iwe ya baadaye, soma digrii ya kwanza vizuri kisha omba ufadhili wa DAAD, lile shirika la Kijerumani la kufadhili wanafunzi, hao wanakulipa na pesa ya kuishi.

Hiyo risiti yako nimeikuza kwenye simu nikaiangalia vizuri. Imeandikwa kwa peni, "konsaltesheni 150,000", muhuri umepigwa upande, hakuna namba ya mlipakodi, sio ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na chini kabisa kwa herufi ndogo wameandika fedha hairudishwi. Mwanangu, vyeti orijino USIPELEKE. Toa kopi, zigongwe muhuri na wakili, orijino zikae nyumbani kwa mama. Na waulize hiyo milioni 3 inakwenda wapi, kwa sababu vyuo vingi vya kule maombi ya wageni yanapitia uni-assist, ofisi ya kule inayopokea na kukagua maombi ya vyuo, ambao wanatoza euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachoongezeka, na fomu unajaza mwenyewe kwenye simu.

Wewe sasa hivi tafuta sehemu inayolipa ada NA inayokulisha. Hungary wana Stipendium Hungaricum, maombi huwa yanafunguliwa mwishoni mwa mwaka na kufungwa katikati ya Januari, kutuma ni bure, ada wanafuta, wanakupa hosteli au mchango wa pango na posho ya forinti 43,700 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza. Nakwambia ukweli hiyo posho ni ndogo na nauli ya ndege ni juu yako, kwa hiyo hapo baba anaweza kusaidia kwa mavuno bila kuuza ardhi. China ufadhili wa serikali unalipa ada, bweni na posho, ila jiandae kusoma Kichina kama mwaka mmoja kwanza. Marekani kuna Berea College kule Kentucky, hakuna mwanafunzi anayelipa ada, na kila mmoja anafanya kazi hapo chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi za wageni ni chache sana, lakini pointi 7 inaruhusu kujaribu.

Matangazo ya ufadhili wa serikali kwa serikali yafuatilie Wizara ya Elimu, wako hapo hapo Mtumba, kutoka kwenu ni nauli ya daladala. Anza na pasi, ni 150,000, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kama bado una kile cha zamani. Ukipata chuo uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama kinatambulika kabla hujalipa chochote. Na tafadhali sana, dirisha la vyuo vya hapa lisikupite huku unasubiri ndege: omba UDOM, omba mkopo bodi, nenda darasani. Nimeshapokea barua za watoto waliokaa nyumbani miaka miwili wanasubiri simu ya ajenti, na zinaniumiza kila nikizisoma.

SWALI: Anti, kaka yangu huku Manyoni anasema Norway ndo bure kabisa kwa kila mtu, niombe?

JIBU: Ilikuwa hivyo mdogo wangu. Tangu muhula wa vuli wa 2023 wageni wa nje ya Ulaya wanalipa ada. Denmark walianza 2006, Sweden 2011, Finland 2017. Hilo tangazo alilonalo kaka mwambie aangalie limeandikwa mwaka gani.