Bustani ya mimea ya dawa: usiende Machi kama mimi

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa Machi, nikakuta udongo mtupu na vijiti vikavu. Kosa langu. Bustani ya mimea ya dawa ya Indiana Medical History Museum, hapa Indianapolis, Marekani, iko nje, na baridi ya huku haina huruma. Nenda Julai au Agosti, asubuhi.

Anza na jengo. Lilizinduliwa 1896, likiwa maabara ya hospitali ya wagonjwa wa akili, hospitali ambayo ilifungwa 1994. Kuna ukumbi wa mihadhara, chumba cha kupasulia maiti, na bongo za wagonjwa ndani ya machupa. Madaktari walizichunguza wakitafuta chanzo cha maradhi. Ukitoka humo utatamani hewa.

Mara ya pili nilikwenda na mama, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Alipita mimea mingi bila neno, kisha akasimama.

"Huu si mbarika huu?"

Mbarika kweli, majani yamefunguka kama viganja, matunda yana miiba laini. Kwetu ni mti wa uani, unadumu miaka. Huku jalidi ya kwanza huumaliza, kwa hiyo hupandwa upya kila mwaka. Mama akanyoosha mkono achume tunda, nikamuwahi. Si shamba letu, halafu mbegu ile ina risini, sumu kali mno.

"Mbona bibi yako alitunywesha kila likizo?"

"Mafuta, mama, si mbegu." Risini haiyeyuki katika mafuta, mbegu zikikamuliwa, hubaki kwenye mashudu.

Kwenye digitali, mmea wenye maua kama kengele, usipite mbio, hata ukiikuta imeshamaliza maua. Daktari Mwingereza William Withering aliandika 1785 jinsi alivyowatibu kwa majani yake watu waliovimba mwili, na mpaka leo digoksini, dawa ya moyo, hutokana na jamii ya mmea huo. Tabu ni kwamba kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana. Ukiwa na watoto, washike mikono.

Piga picha za vibao, hasa majina ya Kilatini. Mbarika una majina chungu nzima, lakini *Ricinus communis* ni mmoja tu, Tanga hata Indiana. Mama alipiga cha mbarika peke yake. Jioni nikakuta amekirusha kwenye grupu la ukoo, na shangazi ameshauliza Wamarekani wanauza chupa shilingi ngapi.