Familia ya wamisionari Japani: niliyoyaona Sapporo

Mleta mada anasema dada yake na shemeji yake wameitwa na shirika la misheni waende Japani na watoto wao wawili. Anauliza maisha ya huko yakoje, na kazi yenyewe ni ipi hasa, maana amesikia makanisa ya kule yana watu kumi na tano. Mchangiaji mmoja hapo juu kajibu kwamba huko ni kuchezea sadaka za watu. Mimi nilisoma Sapporo, mji wa kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, nikabaki kufanya kazi, na muda wote huo nilisali kwenye kausharika ka Kilutheri kalikoongozwa na familia ya wamisionari kutoka Ulaya Kaskazini: baba mchungaji, mkewe na watoto watatu. Nimekula kwao, nimekaa na watoto wao jioni wazazi wakiwa vikaoni. Naandika nilichokiona.

Tuanze na hoja ya idadi. Wakristo wa Japani, Wakatoliki na Waprotestanti ukiwajumlisha, ni kama asilimia 1 tu ya watu. Na si kwamba Injili imefika juzi. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani, mwaka 1549, Fort Jesus ya Mombasa ikiwa bado haijajengwa. Mwaka 1614 utawala wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, ukapiga marufuku Ukristo nchi nzima. Mapadri walifukuzwa, wengine wakauawa, na baadaye kila kaya ikalazimika kuandikishwa kwenye hekalu la Kibuddha, ili hekalu lithibitishe kwamba humo ndani hakuna Mkristo. Mabango ya marufuku yaliondolewa mwaka 1873, lakini makaburi ya koo yalibaki hukohuko mahekaluni. Hilo la makaburi mlishike, maana ndilo lililonifungua macho.

Sasa kazi. Mtu wa kwetu akisikia mmisionari anawaza mkutano wa hadhara, maspika na maombezi. Kule sahau. Jumapili mnakuwa ishirini hivi, wengi wazee. Hakuna mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Kuna chai ya kijani na biskuti, kila moja na karatasi yake. Baba mchungaji alimaliza miaka miwili ya mwanzo akiwa mwanafunzi wa lugha tu. Hata baada ya hapo aliandika mahubiri neno kwa neno na kumpelekea mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, ayasahihishe. Nimewahi kuziona karatasi zenyewe mezani, wino mwekundu umezidi mweusi.

Ila ukiniuliza nani alikuwa mmisionari pale, nitakwambia ni mama. Mtaa una chama chake cha majirani na kila kaya ina zamu: kusafisha pa kutolea taka, kupitisha ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba, kuhudhuria kikao. Sapporo tangu 2009 taka za kawaida hutolewa kwenye mfuko wa njano wa kununua, siku maalumu, asubuhi, na juu yake unatandaza neti, maana kunguru wa Hokkaido hawana adabu. Theluji ya msimu mzima ukiijumlisha inakaribia mita 5. Mama mchungaji alikuwa anatoka na koleo kabla hakujapambazuka vizuri, anasafisha mbele ya kanisa, kisha anaendelea mpaka kwa bibi wa nyumba ya pili ambaye mgongo ulishapinda. Hakuacha kipeperushi chochote mlangoni. Baada ya misimu kadhaa yule bibi akaanza kuja Jumatano kwenye darasa la upishi. Kanisani hakuja. Kwa Japani hiyo ni hatua, na kubwa.

Chama hichohicho kilimpa mtihani. Kila mwaka inapita bahasha ya mchango wa sherehe za mahali pa ibada ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, pa mtaa ule. Ada ya chama alilipa bila shida. Ile bahasha aliipitisha tupu, akaomba apewe kazi ya kupika siku ya michezo ya watoto. Wapo walionuna. Mwaka uliofuata walimwita kupika kabla hajaomba.

Watoto ndio waliokuwa mlango wa familia hiyo kwa mtaa. Walisoma shule ya msingi ya serikali, na begi gumu la mgongoni kama wenzao wote. Shuleni wanafunzi hupakuliana chakula cha mchana na kusafisha darasa wenyewe, kwa hiyo wakajuana na kila mtu haraka. Nyumbani mama akiwasemesha kwa lugha yao, wanamjibu Kijapani. Shida ilianza binti mkubwa alipoingia sekondari ya chini. Kule kuna vilabu vya shule, yeye akachagua bendi ya matarumbeta, na mazoezi ni mpaka Jumapili. Ukikosa unawaangusha wenzako. Wazazi walibishana hilo mezani mbele yangu, wala hawakunificha. Mwishowe akawa anakuja ibadani siku asipokuwa na mazoezi, na baba akaanzisha ibada fupi Jumamosi jioni. Hiyo ibada ya Jumamosi ikaleta vijana wengine wawili waliokuwa na tatizo lilelile.

Nirudi kwenye makaburi. Pale usharikani walikuwepo watu wanaokuja miaka nenda rudi, wanaimba, Biblia wanaijua kunishinda, na hawajabatizwa. Mimi nilidhani wana mashaka na imani. Mmoja wao alikuwa mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwake kulikuwa na kabati la kuwakumbuka wafu wa ukoo, butsudan, na yeye ndiye aliyeweka wali na maji pale kila asubuhi. Kaburi la ukoo lilikuwa hekaluni, na kulitunza ilikuwa juu yake: kulifagia, kulipelekea maua wakati wa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, kulipa ada. Siku moja tuko jikoni kwa mchungaji tunamenya viazi, akauliza macho yakiwa kwenye kisu, "Nikibatizwa, mtaniweka wapi?"

Mama mchungaji hakuanza kumtolea mistari. Alifuta mikono, akachukua funguo za gari, akatupeleka makaburini. Japani karibu kila maiti huchomwa, ndugu wanaokota mifupa kwa vijiti na kuiweka kwenye chungu. Usharika ulikuwa na kaburi lake la pamoja: jiwe lenye msalaba, nyuma kimlango cha chuma, ndani rafu za vyungu, na pembeni ubao wa majina. Yule mama alisoma majina yote, akawa anauliza huyu ni nani, na yule alikuwa mke wa nani. Kisha akauliza kama mume wake, ambaye si Mkristo, angeweza kuwekwa hapo naye. Akaambiwa kanuni za usharika zinaruhusu mwenzi. Akaitikia kwa kichwa, tukarudi kumalizia viazi.

Hakubatizwa mwaka ule. Alisubiri mpaka mama mkwe alipofariki, kwa sababu hakutaka bikizee afe na hofu kwamba hana wa kumtunzia kaburi. Mchungaji alikubali kusubiri, ingawa huko kwao waliomtuma walikuwa wanadai takwimu za ubatizo. Mimi naona alifanya sawa. Ukimharakisha mtu wa namna hiyo unampata yeye na unaukosa ukoo mzima, na bikizee anakufa akijua kanisa ndilo lililomnyang'anya mkwe.

Kwenye msiba wa Kibuddha wao walikwenda na bahasha ya rambirambi kama watu wote. Zamu ya kufukiza ubani ikifika kwao, waliinama kimya mbele ya wafiwa na kurudi kukaa. Hakuna aliyewasema, kwa sababu walikuwa wamefika mapema na kuondoka mwisho.

Kwa anayesema ni kuchezea sadaka: chuo nilichosoma kilianza mwaka 1876 kama chuo cha kilimo, na Mmarekani William Clark alikaa pale miezi michache tu. Wanafunzi wake walitia saini agano la kumwamini Yesu. Uchimura Kanzo na Nitobe Inazo, waliokuja kuwa Wakristo mashuhuri wa Japani, waliingia darasa lililofuata, Clark akiwa keshaondoka, na agano wakalikuta. Sura ya Nitobe baadaye ikawekwa kwenye noti ya yeni 5,000. Hokkaido hiyohiyo, John Batchelor wa Uingereza alifika mwaka 1877 na kukaa zaidi ya miaka 60 na Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, akawaandikia kamusi ya lugha yao. Yeye na mkewe Louisa walimlea binti wa Kiainu, Yaeko, ambaye akaja kuwa mshairi. Nyumba yao bado ipo kwenye bustani ya mimea ya chuo. Hao wote wapime kwa idadi ya waliojaa kwenye benchi Jumapili, uone utapata nini.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Familia inakaa miaka kadhaa, inaenda likizo kwao kuzunguka makanisa kutoa ripoti, na pengine hairudi. Inakuja mpya isiyojua lugha, na yule mzee wa wino mwekundu anaanza upya. Wajapani wana adabu, hawatakwambia wamechoka. Wamechoka. Kama dada yako anakwenda kwa mkataba wa miaka mitatu, bora asiende, hiyo mitatu ni ya kujifunza kusoma barua za shule.

Ajue pia hali imekuwa ngumu tangu Julai 2022, waziri mkuu wa zamani Abe alipopigwa risasi na mtu aliyesema mama yake alifilisika kwa kuchangia Unification Church, kundi la dini lililotoka Korea. Kumbukumbu ya gesi ya sumu ya sarini, ambayo kundi la dini la Aum Shinrikyo liliiachia kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, nayo haijafutika. Kubisha hodi nyumba za watu na kugawa vipeperushi ni kujiharibia. Sisi tulibandika tangazo mlangoni kwamba hatuhusiani na Unification Church.

Na kwa sisi weusi: watoto watashikwa nywele, na kila mtu ataamini mnajua kuimba gospo, maana Wajapani wengi wasio Wakristo wanaipenda mno. Sauti yangu ni ya chura, bado niliwekwa mstari wa mbele.

Mambo ya kuuliza kabla ya kusaini: mmoja akipata viza ya shughuli za dini, mwenzake akiingia kama mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa mpaka aombe kibali, na kibali cha kawaida ni saa 28 kwa wiki. Posho inalipwa kwa sarafu gani? Dola ilikuwa kama yeni 75 mwishoni mwa 2011, na mwaka 2024 ikapita 160, kwa hiyo bajeti yao inaweza kubadilika bila wao kufanya lolote. Halafu shule. Mtoto wa miaka sita ataingia shule ya serikali na baada ya mwaka atawatafsiria wazazi. Wa miaka kumi na mbili ni habari nyingine, kanji, zile herufi za asili ya Kichina, zitamwacha nyuma. Ipo Christian Academy in Japan, Higashikurume, Tokyo, tangu 1950, inafundisha kwa Kiingereza, lakini ina karo, na mkipangiwa Hokkaido iko mbali kabisa. Nani analipa, na mtoto ataishi na nani? Jibu la hilo walidai kwa maandishi. Hao watoto wawili wana umri gani, mkuu?