Jeux interdits kwenye gitaa: kidole cha pete ndicho kinachoimba

Kijana mmoja wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ameandika wiki hii: noti zote za Jeux interdits, ule wimbo wa gitaa wa filamu ya jina hilohilo, anazo, hakosei hata moja, lakini haitoki kama kwenye filamu. Ndugu yangu, tatizo ni kidole chako cha pete cha mkono wa kulia.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa wetu Mwenda Jean-Bosco akipiga wimbo wake Masanga huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwaka huohuo Jeux interdits, filamu ya René Clément, ilitoka Ufaransa, na gitaa lake lilipigwa na Narciso Yepes. Mwenda alipiga kwa gumba na shahada, na huku Katanga wengi wamejifunza hivyo. Kwa hiyo gumba lako limeshaiva, linatembeza besi bila kuangaliwa. Kidole cha pete ndicho ambacho hakijawahi kuamshwa, na wimbo huu wote umekaa juu yake.

Kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo, kina mapigo 3, kila pigo noti 3: pete kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kati kwenye wa pili, shahada kwenye wa tatu. Gumba linatoa besi mwanzoni mwa kipimo. Hapo noti ni 9 mbali na besi, na zinazoimba ni 3 tu, zile za pete. Ukizipiga zote kwa nguvu moja, umeuzika wimbo.

Fanya hivi. Weka metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, kwenye 50 kwa dakika. Piga besi na pete peke yake. Noti za uzi wa pili na wa tatu zihesabu moyoni tu, usiziguse. Pete ikishatoa sauti nene, rudisha kati na shahada kwa upole, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Wakianza kumfunika mwimbaji, waondoe tena. Pete ikivuta, kidole kidogo nacho hutaka kusogea. Kiache kiende nayo, ukikikaza pete inakwama. Kucha ipite nyama kwa milimita 1 au 2, imalizwe kwa msasa laini, maana kucha yenye meno inakwaruza kila noti ya wimbo.

Mahali wengi wanapoangukia ni kipimo cha 9 na cha 10. Unalaza shahada ya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote kwenye kase ya 7 (kase ni nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo ya gitaa), halafu kidole kidogo kinakwenda hadi kase ya 11 ya uzi wa kwanza. Watu wanabana shingo mpaka gumba linauma. Hakuna haja! Uzi wa 4 na wa 5 hazilii hapo, na wa 3 umeshikwa na kidole cha kati kwenye kase ya 8. Shahada ina kazi kwenye uzi wa 6, wa 2 na wa 1 tu. Igeuze kidogo upande wa mfupa, kisha uzito wa mkono wenyewe uivute nyuma.

Nyuzi ziwe za nailoni. Tafadhali, msifunge nyuzi za waya kwenye gitaa la klasiki kwa sababu tu ndizo zilizopo sokoni: nailoni sita huvuta karibu kilo 40, waya hukaribia 70, na kile kibao kinachoshika nyuzi kinang'oka pamoja na ubao. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, mbao hukauka na kupasuka. Weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kikopo cha sabuni kilichotobolewa, ukifungie pamoja na gitaa.

Wengine wanakimbilia Cavatina ya Stanley Myers, ile ya filamu The Deer Hunter ya 1978. Aliyeipiga ni John Williams mpiga gitaa, mzaliwa wa Australia. Msimchanganye na yule mtunzi wa Star Wars. Ni nzuri mno, lakini shahada inalazwa karibu kila mahali huku wimbo ukitakiwa kuendelea kulia juu. Ingoje mpaka kile kipimo cha 10 kitoke safi mara mbili mfululizo, na ile noti ya kase ya 11 isikike mpaka mwisho wa pigo lake.