Usijifungie kimya kwenye usaili

Intavyuu yangu ya kwanza ya kazi ya kuandika programu niliifanyia chumbani, Chikongola, Mtwara mjini, kwa video. Swali lenyewe nilikuwa nalijua: tafuta namba moja ndani ya orodha iliyokwisha kupangwa. Nikainama na kuandika kimyakimya kama niko kwenye mtihani wa kidato cha nne. Robo saa nzima sikutoa neno. Programu ilikubali, ila kazi sikuipata.

Nilichelewa kuelewa kwamba msaili hasahihishi jibu tu. Anataka kusikia unavyolitafuta, maana kesho mtakaa pamoja mkihangaika na kosa ambalo hakuna anayejua lilipo.

Dawa yangu ikawa mjomba, karani wa ghala la korosho Tandahimba. Nikamwambia: mjomba, una stakabadhi 1,000 zimepangwa kwa namba, unaitaka moja. Ukianza ya kwanza, huenda ukafika hadi ya mwisho. Lakini ukifungua katikati, unajua iko upande gani, nusu nzima unaiweka kando. Ukiendelea hivyo, hata ukikosa bahati, ukifungua mara kumi umemaliza.

Akanikatiza: "Na kama hazijapangwa?"

Nikababaika. Na hilo ndilo swali ambalo msaili yeyote angelitupa! Jibu ni kwamba utazipekua moja moja. Kuzipanga kwanza kunalipa pale tu utakapotafuta mara nyingi. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika chochote nauliza: orodha imepangwa? Ni kubwa kiasi gani? Yaweza kuwa tupu? Kisha nataja njia nyepesi, nasema ubovu wake, ndipo naiboresha. Nikimaliza naijaribu kwa orodha tupu na yenye kitu kimoja, maana huko ndiko programu zangu hupenda kuangukia.

Fanya zoezi kwa Kiswahili kwanza, mbele ya mtu asiye wa fani. Kimombo kifuate, kwa sauti vilevile.

Laputopu ichajiwe usiku, na bando liwemo kwenye simu umeme ukikatika. Saa nayo itazame vizuri. Wakikuandikia 10:00 UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwetu ni saa saba mchana. Mimi nilishakaa saa nne asubuhi, shati limenyooshwa pasi, nawasubiri watu waliobakiza saa tatu.